Taa ya Njano na Gurudumu Linalozunguka Bure

Mwaka 1971 wanunuzi wa baadhi ya magari makubwa ya Buick nchini Marekani waliweza kuongeza fedha kidogo wakafungiwa kifaa kilichoitwa MaxTrac. Magari hayo yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, tena kwa injini za V8 ambazo dereva akizikanyagia mafuta kwenye barafu, tairi huzunguka na gari halisogei. MaxTrac ililinganisha kasi ya mbele na ya nyuma. Nyuma kukizidi, ilikata moto wa plagi kwa kitambo kifupi sana, injini ikapungua makali na tairi zikashika barabara tena. Haikudumu; baada ya miaka michache Buick iliiondoa sokoni.

Wazo lilikuwa sahihi, ila lilishughulikia injini peke yake, na tatizo lilikuwa pia kwenye difu. Difu huruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, maana kwenye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Lakini gurudumu moja likiingia kwenye tope, nguvu inayomfikia mwenzake haizidi ile ndogo inayotosha kulizungusha lile linaloteleza. Ndiyo maana gari hukwama ilhali tairi moja liko kwenye ardhi kavu. Ferdinand Porsche alipambana na jambo hilo tangu miaka ya 1930, pale magari yake ya mbio ya Auto Union yalipokuwa yakiteleza tairi la ndani kwenye kona, na kampuni ya ZF ikamtengenezea difu ya kujikaza.

Dawa ya kudumu ilipitia kwenye breki. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walileta kwenye S-Class ABS ya kielektroniki, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasifungwe na breki. Kwenye gurudumu kuna pete ya chuma yenye meno, na karibu yake sensa yenye sumaku. Kila jino linapopita, sensa hutoa mpwito mdogo wa umeme. Mipwito ikienda upesi, kompyuta hujua gurudumu linakimbia. Ikikatika ghafla wakati gari bado liko mwendoni, hujua limefungwa na breki. Hivyo gari liliweza kufuatilia kila gurudumu peke yake, jambo ambalo dereva hodari kuliko wote hawezi kulifanya.

Hapo hatua iliyofuata ikawa fupi. Sensa inayotambua gurudumu lililofungwa hutambua pia linalozunguka bure, na pampu ikiongezwa, mfumo huohuo unaweza kulishika breki bila dereva kugusa kanyagio. Gurudumu likishikwa, difu hulazimika kumpelekea mwenzake nguvu. Bosch ilianza kuuza mfumo huo mwaka 1986, ukipunguza nguvu ya injini na kufunga breki kwa pamoja. Mwaka 1995 ukazaa mdogo wake, ESP, unaochunguza hata kama gari linaelekea kule usukani unakoelekeza.

ESP ingeweza kubaki starehe ya matajiri kama si tukio la Oktoba 1997. Mwandishi wa jarida la magari la Teknikens Värld la Uswidi, Robert Collin, aliijaribu Mercedes A-Class mpya kwa kukwepa ghafla, kama dereva anayemkwepa mnyama mkubwa aliyeingia barabarani. Gari likapinduka. Mercedes ilisimamisha usafirishaji kwa wiki kadhaa, ikarekebisha gari, kisha ikaweka ESP kwenye kila A-Class. Hatimaye gari dogo la familia likapata ulinzi uliobuniwa kwa ajili ya magari ya kifahari, na hilo lina uzito kuliko ushindi wowote wa mashindano.

Serikali zilifuata. Marekani ililazimisha mfumo wa kudhibiti uthabiti, kama ESP, kwenye magari mapya mepesi kuanzia mwaka wa modeli 2012, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha sharti hilo mwaka 2014. Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika, nayo ikaingia njia hiyo, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, magari mengi yanayoshuka Mombasa leo yana taa ile ya njano yenye gari dogo na alama mbili za tairi zilizopindapinda.

Taa hiyo ikimweka kwenye utelezi, mfumo unafanya kazi na dereva apunguze mafuta. Ikiwaka bila kuzima, ama mtu amebonyeza kitufe cha kuuzima, ama kuna hitilafu. Kitufe hicho hakikuwekwa kwa mapambo: kwenye tope zito au mchanga mfumo huikaba injini wakati gari linahitaji msukumo ili litoke. Hitilafu nayo mara nyingi ni ndogo, kama sensa iliyojaa uchafu, waya uliokatika au pete iliyopasuka kwa kutu. Taa ya ABS huwaka pamoja nayo kwa sababu sensa ni zilezile. Breki za kawaida bado hushika, lakini si sababu ya kuahirisha kumwona fundi.

Anayenunua gari lililotumika atazame dashibodi anapowasha swichi, kabla injini haijanguruma. Taa zote mbili lazima ziwake kwa sekunde chache kisha zizime. Isiyowaka kabisa huenda imeondolewa globu ili kuficha hitilafu.