Lemuel Shaw, Jaji Mkuu wa Massachusetts

Lemuel Shaw, mwana wa kasisi, alizaliwa Barnstable mwaka 1781, akasoma Harvard, akafanya uwakili mjini Boston hata mwaka 1830 alipopewa cheo cha Jaji Mkuu wa jimbo la Massachusetts, akakishika miaka 30. Hukumu alizoziandika zapata 2,200, nyingi zikihusu reli, viwanda na vyama vya wafanyakazi. Lakini kwa rai yangu, mwenye kutaka kumjua mtu huyu na ayatazame kwanza mashauri mawili ya watumwa.

Mwaka 1836 bibi mmoja wa New Orleans alikuja Boston kumzuru baba yake, akifuatana na kijakazi aitwaye Med, mtoto wa miaka sita hivi, na wanawake wa mji ule waliouchukia utumwa wakalifikisha jambo lake mahakamani. Shaw akakata shauri kwamba utumwa wapingana na haki ya asili, wala hauna tegemeo ila sheria ya mahali, na kwa kuwa Massachusetts haikuwa na sheria hiyo, mtumwa aliyeletwa humo kwa ridhaa ya bwana wake hazuiliki wala harudishwi kwa nguvu. Med akawa huru. Katika furaha ile wachache walioangalia kwamba hukumu hiyo hiyo ilimtoa mtoro, ambaye Katiba ya Marekani ilikwisha agiza arudishwe kwa mwenyewe.

Mtoro huyo alifika mahakamani mwaka 1851: kijana Thomas Sims, aliyekimbia kutoka Georgia. Serikali ya mji ilikuwa imeizungushia mahakama minyororo ya chuma, na Shaw, mzee wa miaka 70, mkwewe Herman Melville mtunzi wa hadithi, ilimbidi ainame chini yake ndipo aingie barazani pake. Akakataa kumfungua Sims, naye akapakiwa chomboni alfajiri, akarejezwa Savannah, akapigwa mijeledi. Wako waliomwita mwoga. Mimi naona alishika neno lake la 1836 bila kulipunguza herufi, na hilo lanitisha zaidi kuliko woga.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1850, aliridhia Boston itenge shule za watoto weusi. Baraza la jimbo likaipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1855. Hata hivyo mwaka 1896, Shaw amekwisha fariki miaka 35, Mahakama Kuu ya Marekani iliitegemea hukumu yake ilipohalalisha ubaguzi katika mabehewa ya reli ya Louisiana.