Samaki wa Mwalimu na jenasi zake mbili

Dume la samaki huyu hutoshea kiganjani: mgongo mwekundu, mbavu za njano, mistari myeusi ya wima. Huishi kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, na mvuvi wa Nyegezi humwita furu tu, kama wenzake wote. Wanaoshindwa kuafikiana juu ya jina lake ni wanasayansi.

Mwaka 1977 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu wa ghuba hii. Mwaka 1985, mwaka Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais, Witte-Maas na Frans Witte wa kundi hilo walimtangaza samaki huyu kuwa spishi mpya, Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu.

Wakati huo jenasi ya Haplochromis ilikuwa kapu la furu wa kila aina. Humphry Greenwood, Mwingereza aliyewahi kufanya utafiti Jinja, alikuwa amejaribu kulipangua mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kufuata meno na mafuvu. Wenzake wakampinga: maumbo hayo yanaingiliana mno kuweka mipaka. Mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake wakaunda jenasi ya Pundamilia kwa baadhi ya furu wa miambani wenye mistari, na samaki wa Mwalimu akahamishiwa humo. Wapo waliokubali, wengine hadi leo huandika Haplochromis.

Jeni nazo hazikumaliza ubishi. Mwaka 2017 ilichapishwa kwamba furu wa Ziwa Victoria wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Ziwa lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, hivyo spishi hizi ni changa mno kwa jeni kuzitenganisha waziwazi.

Sangara alipowamaliza furu wengi miaka ya 1980, wa miambani walinusurika zaidi. Hatari yao ni maji machafu. Penye maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, majike ya nyererei huchagua madume mekundu, na majike ya ndugu yake wa maji ya juu, Pundamilia pundamilia, huchagua ya buluu. Maabarani, chini ya mwanga wa rangi ya chungwa unaoficha tofauti hiyo ya rangi, uchaguzi huo ulitoweka. Penye tope, kama Luanso kusini mwa ghuba, spishi hizo mbili zimechanganyika.

Kwa hiyo jenasi itaendelea kubishaniwa vitabuni, lakini kama nyererei atabaki spishi kamili itategemea mbolea, udongo na maji taka tunayoyaachia yaingie ziwani.