Malengo ya kusoma kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu yapangwe kwa pamoja

Na Mwandishi Wetu, Mpwapwa

GULWE, kituo cha Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, ni mahali ambapo mtoto aliyekulia katika Kigogo au Kikaguru huanza kukutana na Kiswahili cha vitabuni aingiapo darasa la kwanza. Akiwa na uoni hafifu, uziwi au ulemavu wa akili, mzigo wa kujifunza kusoma huongezeka.

Hatari kubwa kwa mtoto huyo ni kuvushwa darasa hadi darasa bila mtu yeyote kuandika ni kitu gani hasa anapaswa kuweza kukisoma, na lini.

Mkoa wa Dodoma si mgeni katika elimu maalumu. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, eneo ambalo sasa ni la Wilaya ya Chamwino. Aidha, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilitambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake katika shule za kawaida.

Kwa sababu hiyo, mwalimu wa darasa hawezi kumwachia kazi yote mwalimu wa elimu maalumu. Mmoja anaujua muhtasari wa masomo, mwingine anaujua ulemavu, na mzazi anamjua mtoto.

Hatua ya kwanza ni kumpima mtoto akiwa peke yake: sauti za herufi, silabi, maneno, kisha habari fupi yenye maswali. Makosa yake yaandikwe, kwani ndiyo yanayoonyesha mahali pa kuanzia.

Hatua ya pili ni kuandika lengo linalopimika. “Mtoto ajue kusoma” si lengo. Lengo ni kama hili: ifikapo mwisho wa Juni, asome silabi 20 zinazoundwa na herufi b, d, m na t pamoja na irabu tano, akikosea zisizozidi nne. Kiswahili hurahisisha mpango huo kwa kuwa husomwa karibu kama kinavyoandikwa. Silabi ngumu, kama zile za ng’, ny na mbw, zisubiri zamu yake.

Hatua ya tatu ni kukubaliana njia. Asiyeona husoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu, ambayo kila alama yake hutokana na nukta sita. Kasi yake isilinganishwe na ya anayeona. Mwenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino, anahitaji herufi kubwa, kiti karibu na ubao na kukingwa na mwanga mkali. Kiziwi asipimwe kwa kutamka, bali kwa kuonyesha maana ya neno kwa picha au lugha ya alama.

Hatua ya nne ni kutazama kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, ilhali shule hufunguliwa Januari. Huo ndio wakati familia ziko mashambani na makorongo yanayoingia Mto Kinyasungwe hujaa maji. Lengo la miezi hiyo liwe dogo, na lipitiwe upya kila baada ya wiki chache.

Mzazi naye aelezwe lengo kwa lugha anayoielewa, apewe kazi moja ya nyumbani. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 ilifanya mpango wa maandishi wa kila mtoto mwenye ulemavu, unaoandaliwa pamoja na mzazi, kuwa wa lazima. Kwa shule ya kijijini, daftari moja linatosha kuanzia.

Lengo lisipofikiwa, mtoto asiitwe mvivu. Walimu wakague kwanza njia waliyotumia, na macho na masikio yake yapimwe hospitalini, kisha waandike lengo jingine.