Kutoka Sufuria ya Kibagare Hadi Mahakama Kuu

Kibagare iko ndani ya wadi ya Kitisuru, ingawa ukimtajia mtu wa Nairobi jina la Kitisuru hatafikiria Kibagare. Atafikiria makazi ya mabalozi, ua wa kaiyaba uliopunguzwa ukanyooka, askari wa geti, na matuta yaliyokuwa mashamba ya kahawa enzi za mkoloni. Mabanda yako upande wa Loresho, na wanaokaa humo ndio wanaotoka alfajiri kwenda kufua, kufyeka, kujenga na kulinda. Mtaa huo haukuota wenyewe. Penye nyumba kubwa pana vibarua, na kibarua hupanga pale mshahara wake unapofika.

Hapo ndipo Sista Martin Wanjiru, wa shirika la Masista wa Assumption wa Nairobi, alipoanza kuwapikia watoto katika miaka ya 1980. Mwanzo ilikuwa sufuria tu. Lakini mtoto aliyekula saa sita anataka mahali pa kukaa hadi jioni, na akishakaa anataka kufundishwa, kwa hiyo chakula kikazaa darasa, darasa likazaa bweni. Kituo kikaitwa Kibagare Good News Centre.

Kisha matingatinga yakaja. Nairobi wakati huo haikuwa na meya wala madiwani. Iliendeshwa na Tume ya Jiji iliyoteuliwa na serikali. Mei 1990 Tume ilibomoa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, na Novemba mwaka huohuo ikaja Kibagare. Maelfu walibaki bila paa. Wengine waliishia Soweto ya Kayole, mashariki kabisa mwa jiji, mbali na kila geti walilokuwa wakibisha kutafuta kazi. Aliyepanga safari hiyo, nadhani, hakuwahi kulipa nauli ya matatu kwa mshahara wa kibarua. Kituo cha sista kilidumu, mabanda yakarudi, na leo shule zinazobeba jina la Mtakatifu Martin, ya msingi na ya sekondari ya wasichana, bado zinapokea watoto.

Nimeanza na Kibagare kwa sababu inafundisha kuisoma historia ya nyumba iliyokuja nyuma yake, maarufu kuliko zote za aina hii Nairobi. Nyumba ya ukarimu huanza jikoni. Ikidumu, sharti igombane na mtu.

Padre Angelo D'Agostino, aliyeianzisha nyumba hiyo, alizaliwa mwaka 1926 huko Providence, Marekani, mtoto wa wahamiaji Waitaliano. Alikuwa daktari wa upasuaji kabla ya kuwa Mjesuiti, na baadaye akasomea magonjwa ya akili. Miaka ya 1980 alifika Nairobi kwa kazi ya wakimbizi. Akiwa katika bodi ya makao ya yatima ya jiji, aliona jinsi watoto wachanga waliopatikana na virusi vya UKIMWI walivyokosa mahali pa kupokelewa. Akapendekeza wafunguliwe nyumba yao. Wenzake hawakukubali. Akaondoka, na Septemba 1992, pamoja na Sista Mary Owens wa Masista wa Loreto, akafungua Nyumbani. Watoto walikuwa watatu.

Siku zile kumpokea mtoto wa namna hiyo kulimaanisha kumwandalia kifo chema. Dawa hazikuwepo. Walezi walijifunza kubembeleza mtoto anayekohoa usiku kucha, kumsafisha vidonda vya mdomoni ili aweze kumeza, na kumzika. Lakini kulikuwa na jambo ambalo wengi waliowatupa watoto hao hawakulijua: mtoto mchanga hubeba kingamwili za mama yake hadi karibu miezi 18, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha damu kilipima, kwa kweli, damu ya mama. Ukisubiri, unakuta wengi wao hawana virusi kabisa. Hata pasipo tiba yoyote, mama mwenye virusi huwaambukiza watoto wake katika visa 15 hadi 45 kwa kila 100. Wangapi walikwishazikwa kwa njaa na baridi ilhali damu yao ilikuwa safi? Nyumbani ililea, ikasubiri, ikapima tena.

Nyumba hiyo iko Karen, lakini ugonjwa ulikuwa mitaani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nyumbani ikaanzisha mpango wa Lea Toto, na mahali pa kwanza palikuwa Kangemi, jirani wa Loresho na Kibagare, ambapo Wajesuiti wana parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. (Ndiyo ile aliyoizuru Papa Francis Novemba 2015, akawasema wanyakuzi wa ardhi waziwazi.) Lea Toto haikumtoa mtoto kwao. Ilimfuata kwenye chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, ambamo nyanya analea wajukuu baada ya kuwazika wanawe. Ukiingia chumba kama hicho na chupa ya dawa peke yake umefanya nusu ya kazi, maana dawa kwenye tumbo tupu hutapikwa. Ndiyo sababu mpango ulibeba chakula na ushauri pamoja na tiba.

Ugomvi wenyewe ulianza 2001. Tiba ya ARV ya mtu mmoja iligharimu dola 10,000 au zaidi kwa mwaka katika nchi tajiri. Februari mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ilitoa bei ya dola 350 kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Nyumbani ikatangaza kwamba italeta dawa za India, hataza za kampuni kubwa zikitaka zisitake. Juni 2001 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya mali ya viwandani iliyofungua njia kwa dawa hizo. Watoto wakaanza kunenepa, na kuwazika kukapungua.

Mtoto asiyekufa anataka shule. Januari 2003 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, lakini shule za umma zikawa zinawakataa watoto wa Nyumbani kwa visingizio. Padre akaipeleka serikali kortini, na Januari 2004 serikali ikakubali wapokelewe. Mwezi huohuo alikuwa Roma, Vatikani, akizishutumu kampuni za dawa kwamba bei zao zinaua Waafrika kwa halaiki. Hakuwa mtu wa kulainisha maneno.

Alifariki Nairobi tarehe 20 Novemba 2006, mwaka uleule Nyumbani Village ilipofunguliwa Kitui kwenye ekari 1,000 hivi, ambako wazee waliofiwa na wana wanaishi na watoto waliofiwa na wazazi.

Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya nje. Nyumbani, kama zahanati nyingi za Kenya, ilikuwa imezoea dawa zinazolipiwa na Marekani, na waliozaliwa wakihesabiwa wafu sasa ni vijana wanaotafuta kazi na kodi ya nyumba, wanaohitaji kidonge kila siku ya maisha yao. Masista wakarudi kwenye swali la 2001: dawa zitatoka wapi, na nani atalipa.