Ubao wa Chuoni na Jina la Mtoto wa Rufiji

Historia ya kuandika katika Rufiji na Kibiti husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza siku mtoto wa delta alipopewa penseli ya shule. Si kweli. Kabla Wajerumani hawajaweka boma Mohoro, pwani hii ilikuwa na vyuo vya Kurani. Humo mtoto alianza na alifu, akachora herufi ubaoni kwa kalamu ya tete, akazifuta kwa maji na kuanza upya. Wajerumani wenyewe walilijua hilo: mwanzoni walipokea barua za Kiswahili kutoka kwa maakida na maliwali, maofisa wao wa pwani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Shule za serikali, kuanzia ile ya Tanga miaka ya 1890, zilieneza herufi za Kilatini, na taratibu ofisi ya serikali ikamwona aliyejua hati ya chuoni peke yake kuwa hajui kitu. Hukumu hiyo haikuwa ya haki, na bado inatuongoza tunapomfundisha mtoto kuandika jina lake.

Ni kweli kwamba chuo kilitanguliza kukariri, na wengi walihitimu bila kuweza kuandika barua. Lakini hatua iliyo ngumu kuliko zote walishaivuka: kujua kwamba sauti ina alama yake. Chuoni mtoto huunga herufi na irabu, ba, bi, bu; darasa la kwanza huimba ba, be, bi, bo, bu. Jina la mtoto kama Halima, Ha-li-ma, ni silabi tatu za namna hiyohiyo. Wapo wanaohofu kwamba hati mbili, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto, zitamchanganya mtoto. Tofauti zipo, tena ndani ya majina yenyewe: kwa Kiarabu Halima na Hamisi, yaani Khamis, wana herufi mbili tofauti za mwanzo, shuleni wote ni H, sauti ya mwanzo ya Shabani ni herufi moja kwa Kiarabu, mbili shuleni, na Pili au Chausiku huwezi kuwaandika kwa Kiarabu bila kuongeza nukta au kuazima herufi ya jirani, kama waandishi wa pwani walivyofanya. Hizo ni tofauti za kuonyeshwa, si za kuogopwa. Mwalimu wa awali Kibiti akimwona Halima anaanzia kulia, amwonyeshe tu upande wa kuanzia, maana kuunga sauti na herufi ameshajifunza jioni chuoni.