"Ni Mchezo Tu": Ustahi na Kutostahimiliana katika Masimulizi ya Mezani, 1974–2024

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza historia ya utanzu ambao wahakiki wa fasihi hawajautilia maanani ipasavyo, yaani michezo ya kuigiza dhima ichezwayo mezani. Katika mchezo wa aina hii watu wachache huketi pamoja kwa saa kadhaa. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita mwongozaji, hueleza mandhari na vikwazo vya hadithi. Kila mmoja wa wenzake humiliki mhusika mmoja na kutamka yale ambayo mhusika huyo anatenda au kusema. Penye shaka hurushwa dadu. Hakuna jukwaa, hakuna matini iliyokaririwa, wala hakuna hadhira nje ya watendaji wenyewe. Kikao kikiisha, kinachobaki ni kumbukumbu.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona mara moja kwamba hapa fanani na hadhira ni watu wale wale. Kila anayesikiliza ana haki ya kugeuza mkondo wa hadithi. Kwa sababu hiyo suala la adabu haliwezi kuwa pambo la nje: bila ustahi miongoni mwa walioketi, masimulizi yenyewe hayapo. Hata hivyo historia ya utanzu huu imejaa visa vya kutostahimiliana, vingine vikitoka nje na vingine vikizaliwa pale pale mezani.

Hoja yetu ni kwamba aina hizi mbili zimefungamana. Katika miaka ya 1980 wachezaji walishambuliwa na watu waliodai kuwa burudani yao inaangamiza vijana, nao wakajikinga kwa kauli moja: ni mchezo tu. Dhidi ya washambulizi wale, kauli hiyo ilikuwa ya haki. Lakini iliporudishwa mezani iligeuka ngao ya mtu anayemwumiza mwenzake na asitake kuulizwa. Historia ya ustahi katika utanzu huu, kwa hiyo, ni historia ya jamii iliyojifunza polepole kuiweka ngao hiyo chini.

2.0 Meza na Mwenye Kitabu

Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa kibiashara, ulitoka mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waandishi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa vijitabu 3 ndani ya kisanduku kimoja, na nakala zake zilikuwa 1,000. Wote wawili walitoka katika jamii ya wapenzi wa michezo ya vita, ambao walizoea kupanga vikosi vya askari wadogo wa kuchongwa. Jambo jipya lilikuwa kumpa kila mchezaji mtu mmoja badala ya jeshi.

Kanuni za vijitabu hivyo zilikuwa na mapengo mengi, nayo mapengo yalizaa uhuru. Kila kundi lilijaza pengo kwa namna yake. Mnamo Juni 1975 Lee Gold, mwanamke wa Los Angeles, alianzisha jarida la wachezaji liitwalo Alarums and Excursions. Kila mchangiaji aliandika kurasa zake mwenyewe, kisha akazijibu kurasa za wenzake za toleo lililotangulia. Palikuwa na ubishi mwingi humo, lakini ulikuwa ubishi wa watu waliojua kwamba mwezi ujao watasomana tena. Jarida hilo lilidumu kwa karibu nusu karne. Katika toleo lake la pili Gygax mwenyewe alichapisha barua ya kuunga mkono tofauti za namna ya kucheza kutoka kundi hadi kundi.

Miaka 7 baadaye msimamo wake ulikuwa umegeuka. Katika toleo la 67 la jarida la Dragon, la Novemba 1982, Gygax alishikilia kwamba anayebadilisha kanuni za toleo jipya la mchezo hachezi tena mchezo huo. Sababu za mgeuko huu si ngumu kuzibaini. Kampuni yake, TSR, ilikuwa imekua, na mashindano ya hadhara yalihitaji kanuni za aina moja. Aidha, mwaka 1979 Arneson alikuwa ameishtaki kampuni akidai malipo ya uandishi, na shauri hilo lilimalizwa kwa maafikiano mwaka 1981. Kitabu kilikuwa kimekuwa mali, na mali haina budi kuwekewa mipaka.

Kwa mhakiki, kisa hiki kina uzito kuliko kinavyoonekana. Pindi anapotokea mtu mwenye mamlaka ya kutamka ni nani mchezaji wa kweli, lugha ya kuwatenga wengine huwa tayari imepatikana. Leo itatumiwa kuhusu dadu. Kesho itatumiwa kuhusu watu.

3.0 Uhalisia wa Kuchagua

Watu wa kwanza kutengwa kwa lugha hiyo walikuwa wanawake. Mwaka 1976, katika toleo la 3 la The Dragon, Len Lakofka alichapisha makala yaliyopendekeza kanuni za wahusika wa kike. Mahali pa kipimo cha mvuto wa haiba, ambacho kwa wahusika wa kiume kilihusu uongozi, wanawake waliwekewa kipimo cha uzuri wa sura. Kitabu rasmi cha wachezaji cha mwaka 1978 nacho kiliweka kikomo cha nguvu za mwili: binadamu wa kiume angeweza kufikia kiwango cha juu kabisa, ilhali wa kike alizuiwa kabla ya hapo.

Utetezi wa kanuni kama hizi daima umekuwa uhalisia. Lakini ni uhalisia gani huu? Katika ulimwengu huo huo mchawi hurusha moto kwa kutamka maneno, mazimwi huongea, na maiti huamka. Msomaji anaombwa ayakubali hayo yote bila kusita. Panapofika suala la mwanamke kuinua mzigo, ghafla anakumbushwa sayansi. Tunapendekeza kuuita uhalisia wa kuchagua, yaani uhalisia unaoitwa kazini pale tu unapolinda mazoea ya mwandishi. Mhakiki wa riwaya anaufahamu vyema, kwani haukuanzia katika michezo hii.

Ushahidi wa athari zake umo katika kitabu cha mwanasosholojia Gary Alan Fine, Shared Fantasy, kilichochapishwa mwaka 1983. Fine alikaa na makundi ya wachezaji katika eneo la Minneapolis mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliona kwamba wanawake walikuwa wachache mno, na kwamba katika baadhi ya vikao vya wanaume wahusika wadogo wa kike walifanyiwa ukatili wa kingono, jambo hilo likichukuliwa kuwa burudani. Hakuna aliyekuwa amevunja kanuni yoyote, kwa kuwa kitabu kilinyamaza. Pale ambapo kanuni imenyamaza na adabu nayo haipo, mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua hadithi.

4.0 Moto kutoka Nje

Wakati Fine akiandika, dhoruba nyingine ilikuwa imeanza. Mwezi Agosti 1979 mwanafunzi kijana wa chuo kikuu kimoja jimboni Michigan alitoweka, na mpelelezi aliyeajiriwa na familia yake akaeneza dhana kwamba huenda mchezo huu ulihusika. Kijana huyo alikuwa na masumbuko mengine mazito na alipatikana akiwa hai, lakini dhana ilikuwa imekwisha kushika mizizi. Mwaka 1981 Rona Jaffe alichapisha riwaya yake Mazes and Monsters, inayomsawiri mchezaji anayepoteza mpaka kati ya mchezo na maisha, na mwaka uliofuata ikafanywa filamu ya televisheni. Mwaka 1983 Patricia Pulling, mama aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua, alianzisha shirika la kuupinga mchezo huo, akiuhusisha na ibada za shetani.

Hatupaswi kumdhihaki mama aliyefiwa. Lakini madai yake hayakuthibitishwa, na mwaka 1990 mwandishi Michael Stackpole alitoa ripoti ndefu iliyoonyesha udhaifu wa takwimu na mbinu zake. Nguzo ya utetezi wa wachezaji ilikuwa kuutenga mchezo na maisha: anayeua zimwi mezani haui mtu mtaani.

Utetezi huo ulikuwa wa kweli, ila haukuwa ukweli wote. Kwamba hadithi haimgeuzi msikilizaji kuwa mwuaji ni jambo moja. Kwamba hadithi haimgusi msikilizaji hata kidogo ni jambo jingine kabisa. Chini ya shinikizo mambo hayo mawili yalichanganywa. Jamii iliyozoea kuambiwa na wageni kwamba hadithi zake zina madhara ilijifunza kumsikia kila mlalamikaji kana kwamba ni mgeni, hata alipokuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwa mwongozaji.

Toleo la pili la mchezo, la mwaka 1989, ni kielelezo chema cha hali hii. Majina ya mashetani yaliondolewa ili kuwatuliza washambulizi wa nje. Ni haki kutaja kwamba kikomo cha nguvu za wanawake nacho kiliondolewa katika toleo hilo hilo. Lakini dhana ya kwamba kuna jamii nzima za viumbe zilizozaliwa na uovu iliendelea.

5.0 Mkono Mmoja, Kalamu Mbili

Kisa kinachoipima hoja yetu kwa ukali zaidi ni cha M.A.R. Barker (1929–2012), profesa wa Kiurdu na taaluma za Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1975 TSR ilichapisha mchezo wake, Empire of the Petal Throne, uliofanyika katika ulimwengu alioubuni na kuuita Tékumel. Ulimwengu huo ulikuwa na lugha zilizoundwa kwa ustadi wa mwanaisimu, na utamaduni wake ulichota kutoka Asia ya Kusini, Misri ya kale na Amerika ya Kati badala ya Ulaya ya zama za kati. Kundi la Barker lilikuwa mojawapo ya yale aliyoyachunguza Fine. Kwa miongo mingi Tékumel ilitajwa kama ithibati kwamba utanzu huu ungeweza kuwastahi watu wasio wa Ulaya.

Mwezi Machi 2022 taasisi inayosimamia urithi wa Tékumel ilikiri hadharani kwamba Barker ndiye aliyeandika, kwa jina la kupanga, Serpent's Walk, riwaya ya itikadi ya Kinazi iliyochapishwa mwaka 1991. Aidha, alikuwa amehudumu katika bodi ya uhariri ya jarida lililokana mauaji ya halaiki ya Wayahudi.

Mhakiki anavutwa na majibu mawili mepesi. La kwanza ni kwamba mwandishi amekufa na matini inajitegemea. La pili ni kwamba kila ukurasa wa Tékumel sasa umechafuka. Hatulikubali lolote kati ya hayo. Kisa hiki kinatufunza jambo finyu zaidi: kuvutiwa na tamaduni za wengine si sawa na kuwastahi wenye tamaduni hizo. Mtu anaweza kuzipenda sarufi na mavazi na miungu ya mataifa mengi, na bado akakana utu wa taifa moja. Ustahi hauthibitishwi na wingi wa rangi zilizomo katika ulimwengu wa kubuni.

6.0 Adabu Iliyoandikwa

Katika karne ya 21 wachezaji walianza kuiandika adabu ambayo awali ilidhaniwa kuwa inajulikana. Mwaka 2003 Ron Edwards alipendekeza kutofautisha mambo yasiyoingia kabisa katika hadithi na yale yanayotokea nyuma ya pazia. Mwaka 2013 John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza: yeyote anayeigusa, jambo linalosimuliwa huachwa, wala halazimiki kueleza sababu. Mwaka 2019 kilitoka kijitabu cha Sean K. Reynolds na Shanna Germain kuhusu ridhaa katika michezo.

Wachapishaji nao walifuata. Mwezi Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayomiliki mchezo wa 1974, ilikiri kwamba namna orki na drow walivyosawiriwa ilikumbusha jinsi makabila halisi yalivyodhalilishwa. Drow ni viumbe wenye ngozi nyeusi waishio chini ya ardhi. Kukiri huko hakukuzuia kosa jipya: mwezi Septemba 2022 kampuni hiyo iliomba radhi kwa kuchapisha maelezo na picha za viumbe mfano wa nyani, waliokuwa watumwa, kwa namna iliyokumbusha dhihaka dhidi ya watu weusi. Katika kitabu cha wachezaji cha 2024 neno la "mbari" lilibadilishwa kuwa "spishi".

Wapo wanaopinga hatua hizi, na hoja yao inastahili kusikizwa. Wanasema fasihi inayoogopa kuumiza haina nguvu, na kwamba tanzia isiyotisha si tanzia. Hilo ni kweli kuhusu kitabu. Lakini msomaji aliyeudhika anaweza kukifunga kitabu bila mtu kujua, ilhali mchezaji aliyeudhika yuko mbele ya wenzake, na kuondoka kwake ni kuvunja kikao. Kadi ya meza inampa uhuru ule ule ambao msomaji anao. Tena humpa mwongozaji ujasiri, kwani anayejua kwamba atazuiliwa anapopita mpaka anaweza kuukaribia bila hofu. Hivyo ndivyo utani wa jadi unavyofanya kazi katika jamii za Afrika Mashariki: maneno makali hustahimiliwa kwa sababu kila mmoja anajua nani ni mtani wa nani, na utani unakomea wapi. Ukali bila mpaka huo si utani.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kauli "ni mchezo tu" ilizaliwa kama kinga ya wanyonge dhidi ya tuhuma za uongo, kisha ikawa kinga ya wenye nguvu dhidi ya malalamiko ya kweli. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa wahakiki, funzo ni kwamba utetezi wa fasihi haupaswi kujengwa juu ya dai kwamba haigusi mtu. Wachezaji wa miaka ya 1980 wangeweza kusema kwamba masimulizi yao yana nguvu, na kwamba wao ndio wanaowajibika kwayo. Kauli hiyo ilikuwa ngumu kutamkwa mbele ya kamera za televisheni. Lakini ndiyo pekee ambayo ingewafaa pia wale walioketi mezani kimya.