Mtoto Alazwe Chali

Ndugu msikilizaji, wiki hii nina usingizi. Kitinda mimba wetu ana miezi miwili, na usiku wa Jumanne alilia mpaka jogoo la kwanza. Mama yangu, aliyekuja kutusaidia kulea, akaniambia: "Mwanangu, mlaze kifudifudi, atalala fofofo. Ninyi nyote niliwalaza hivyo, mbona mmekua?"

Kauli yake ilinikumbusha historia ambayo sisi watangazaji hatuna budi kuijua.

Mwaka 1946 daktari wa watoto wa Marekani, Benjamin Spock, alitoa kitabu cha malezi kilichouzwa kwa mamilioni ya nakala. Katika toleo la 1958 aliwashauri wazazi wamlaze mtoto kifudifudi, akihofu kwamba akilala chali na kutapika atapaliwa. Hoja ilionekana ya maana, na ikaenea Marekani, Ulaya hata Australia.

Wakati huo huo, watoto wenye afya walikutwa wamekufa vitandani bila sababu kujulikana. Kufikia 1970 tafiti zilikwisha kuonyesha hatari ya kulala kifudifudi, lakini hakuna aliyezikusanya pamoja. Uholanzi ilibadili ushauri mwaka 1987. New Zealand na Uingereza zilifuata 1991. Huko Uingereza mtangazaji wa televisheni, Anne Diamond, aliyefiwa na mwanawe mchanga mwaka huo huo, alisimama mbele ya kamera kuwahimiza wazazi. Marekani ilianza kampeni yake 1994. Katika miaka michache, vifo hivyo vilipungua kwa nusu na zaidi.

Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walikadiria kwamba ushauri ungalibadilishwa mapema, huenda watoto zaidi ya 10,000 wa nchi yao wangaliokolewa, na wengine wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand.

Na ile hofu ya kupaliwa? Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula. Maziwa anayocheua huyameza tena. Hatari imo katika usingizi ule mzito wa kifudifudi, kwani mtoto huwa mgumu kuzinduka pumzi inapomwia nzito.

Nilimweleza Mama taratibu. "Ni kweli sisi tulikua, Mama. Lakini waliokufa hawapo hapa kutusimulia." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Sasa nani atakesha naye?" Nikasema, mimi.

Mimi pia nimewahi kusoma kwenye kipaza sauti ushauri mwingi wa afya bila kuuliza umetoka wapi. Tangu Jumanne nauliza. Nawe mzazi, mpaka mtoto atimize mwaka, mlaze chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto, usiku na mchana. Akilia, mbebe, mbembeleze. Akisinzia, mrudishe chali.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.